Umeme wa gatini kwa meli za makontena: betri ya MWh 5 inatosha?

Nanga11kV:
Wakuu, naomba hesabu. Tuchukue mfano wa gati moja la makontena Mombasa: meli imefunga, jenereta zake zinanguruma usiku na mchana zikitoa MW 1.5, na gatini kuna kreni 3 za umeme. Laini ya 11 kV imeshajaa. Je, betri ya MWh 5 inaweza kuilisha meli izime injini, bila kungoja laini mpya? Na hii tofauti ya hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 50 ya gridi na 60 ya meli?

FundiMkondo:
Kwa meli, haiwezi. MW 1.5 kwa saa 24 ni MWh 36. Ukiacha asilimia 10 juu na 10 chini ili betri isichakae mapema, unabaki na MWh 4: saa mbili na dakika arobaini. Kisha uijaze kutoka laini ileile iliyojaa! Laini kubwa haikwepeki.

Betri ipeni kreni. Mzigo wa tani 50 ukipanda mita 1.2 kwa sekunde unataka kama kW 590, bado upotevu wa mota na gia. Kreni 3 zikinyanyua kwa pamoja, hicho ndicho kilele kinachopandisha kVA (kipimo cha mzigo wa juu kabisa) kwenye bili. Ila kuupandisha mzigo huo mita 30 ni kWh 4 tu. Na ukishuka, mota inageuka jenereta. Umeme usipopata pa kwenda unaishia kuwa joto kwenye rezista. Kwa hiyo tafuta betri ndogo yenye uwezo mkubwa wa kutoa na kupokea kwa sekunde chache. MWh 5 ni pesa iliyolala.

Swichigia_Pwani:
Naongeza la hezi. Transfoma hubadilisha volti, hezi haigusi. Meli nyingi kubwa ni 60, gridi yetu 50, hivyo lazima kigeuzi cha frikwensi, kisha transfoma ya kutenganisha, ndipo 6.6 kV ifike kwenye boksi la gatini (kiwango cha kimataifa cha umeme wa gatini, IEC/IEEE 80005-1). MW 1.5 kwa pawa fakta 0.8 (sehemu ya umeme unaobebwa ambayo inafanya kazi) ni karibu MVA 1.9 ya ukubwa wa kigeuzi, lakini msinunue cha MVA 2: meli ikija na makontena mengi ya baridi mtakwama.

Kosa linalosahaulika: kigeuzi hakitoi mkondo mkubwa wa shoti kama jenereta. Rilei (vifaa vinavyohisi hitilafu na kuamuru brekaa ikate) zikiwekwa kwa mazoea ya jenereta, hitilafu inatokea ndani ya meli na brekaa haikatiki. Fanyeni upya hesabu za ulinzi.

Kuunganisha: meli ya makontena ndiyo inayoshusha kebo. Waya wa ardhi na waya za usalama zihakikiwe kwanza, brekaa ya gatini iwashwe, jenereta ya meli ilinganishwe na umeme wa nchi kavu, mzigo uhamishwe polepole, ndipo injini izimwe. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Winchi ya kebo isipofuata, plagi inavutwa na saketi ya usalama inakata kila kitu.

Nanga11kV:
Nimeelewa. Na faida ya hewa ni kiasi gani?

FundiMkondo:
Kwa gramu 210 za dizeli kwa kWh, MWh 36 ni tani 7.5 kwa siku, takriban tani 24 za kaboni dioksidi, mbali na moshi unaoingia mjini. Boila ya meli itaendelea kuchoma mafuta, msiihesabu.