Naomba ushauri: kulala kwenye mahema ufukweni Ukerewe

Ndugu wanajamii, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Mimi na marafiki zangu wanne tunapanga kuondoka Mwanza kwa gari mwishoni mwa mwezi huu, tupite Magu na Bunda, tuvuke kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, kisha tulale siku mbili kwenye mahema katika ufukwe wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, ulio mbali na makazi. Tunayo mahema mawili, vyandarua, jiko la gesi na lita 60 za maji ya kunywa.

Kinachonitia hofu hasa ni viboko, kwa kuwa hutoka ziwani usiku kwenda kula majani, na mtu akiwakuta akiwa kati yao na maji huwa hatarini sana. Mvuvi mmoja niliyemuuliza kwenye mwalo (mahali wavuvi wanapoleta samaki nchi kavu) wa Kirumba alinionya tusipige hema kwenye njia zao wala karibu na matete. Mwingine akasema moto pekee unatosha kuwafukuza, jambo ambalo siliamini. Kwa sababu ya kichocho tumekubaliana kutooga ziwani, ingawa wenzangu wawili bado wanadai kwamba penye mchanga na mawimbi hakuna konokono wanaoeneza ugonjwa huo.

Naomba kujua mambo mawili: je, mahema yakae umbali gani kutoka majini, na ni dalili zipi zitakazotuonyesha kwamba viboko hupita hapo? Pili, tujitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji peke yake, au pia kwa viongozi wa mwalo ulio jirani?