Mbege ya wikendi kwa joto la Dar: ndizi zilale siku ngapi?

Mchaga wa Kimara: Habari zenu wakuu. Jumamosi siku hizi napika mbege, ile pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, nyuma ya nyumba, ya kunywa na shemeji tu, siuzi. Ndizi mbivu nachemsha mpaka ziwe nyekundu kama udongo wa Kibosho, kisha pipani. Mama anasisitiza zilale karibu wiki. Sawa, lakini kwao baridi! Hapa kesho yake tu pipa linatoa povu. Nifuate kalenda ya mlimani au pua?

Babu Chungu: Pua, mkuu. Joto linaharakisha hamira. Povu likitulia, chuja. Na mfuniko usiukaze, gesi itaurusha darini.

Shangazi wa Rombo: Mwanangu, usisahau kimea. Loweka ulezi, uote, uanike ukauke kabisa, ndipo usage. Ukiona ukungu, tupa, usionee huruma. Uji wake upoe kabisa kabla ya kuuchanganya na maji ya ndizi; ukimwaga wa moto unaua hamira, mbege haichachi.

Mchaga wa Kimara: Shikamoo shangazi, asante. Na msesewe?

Shangazi wa Rombo: Marahaba. Gome kidogo tu la kutia uchungu. Likizidi, hainyweki hiyo. Mwombe mama akutumie, usijichunie mti usioujua.

Babu Chungu: Ukishachanganya, ilale usiku mmoja, kunyweni. Kwa joto hilo ikikaa sana inakuwa siki. Kwa pipa zima shemeji mmoja hatoshi. Mimi nipo Mbezi, nasema tu.