Interferoni gama ya zamani ilifanya kazi, mpya imegoma. Nimekosea wapi?

Darubini:
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, tasnifu imesimama. Natumia interferoni gama ya binadamu, protini inayoamsha seli za kinga; hii ni ya rekombinanti, yaani imetengenezwa kwa jeni la binadamu lililopandikizwa ndani ya bakteria E. coli. Inakuja unga mkavu, mikrogramu 50 kwa kichupa, lebo inasema ni ya utafiti tu. Nawapa makrofaji (seli za kinga) wa aina ya RAW 264.7 mikrogramu 1 kwa mililita, naacha saa 24, kisha napima nitriti, alama kwamba seli zimeamka, kwa kitendanishi cha Griess kinachogeuka waridi ikiwepo. Kichupa cha kwanza kilinipa waridi iliyokolea mara tatu mfululizo. Kichupa kipya, toleo jingine, hakuna rangi kabisa. Seli nimezihesabu, ziko hai. Barua ya malalamiko kwa muuzaji nimeshaiandika. Niitume?

Pipeti77:
Pole sana. Itume tu, hicho kichupa kimepigwa na joto njiani.

MamaSeli:
Subiri kwanza, dada. Unga mkavu kwa kawaida huvumilia siku kadhaa za joto la chumbani; protini huwa dhaifu ikishayeyushwa. Ulizungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua? Unga hupenda kunata kwenye kifuniko, ukifungua unaondoka nao. Na uliuyeyusha kwa nini?

Darubini:
Nilizungusha, mama. Vyote viwili niliyeyusha kwa mililita 5. Cha kwanza kwa maji ya ile chupa kubwa ya rafuni, nilikuwa nimeyapitisha kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Hiki kipya kwa maji ya sindano.

Mkuza_Seli:
Basi jibu umelileta mwenyewe. RAW 264.7 ni seli za panya. Interferoni gama ya binadamu haishiki kipokezi cha panya, wala ya panya haishiki cha binadamu. Protini nyingine huvuka, kwa mfano interleukini-6 ya binadamu huamsha seli za panya vizuri tu, lakini hii haivuki. Kwa hiyo swali si kwa nini kichupa kipya kimegoma. Swali ni kitu gani kiliziamsha seli mara ya kwanza.

Mimi nashuku maji. Otoklevu inaua bakteria lakini endotoksini, ile lipopolisakaridi ya ukuta wao, inabaki. Kuiondoa kwenye vyombo vya kioo kunataka joto kavu, nyuzi 250 kwa nusu saa. Na RAW ni wepesi mno kuamshwa na endotoksini. Hesabu mwenyewe: mikrogramu 50 kwa mililita 5 ni 10 kwa mililita, ukishusha hadi 1, sehemu moja ya kumi ya kila kisima (kishimo cha sahani ya seli) ni maji ya chupa ile. Kisima chako cha kulinganishia kilikuwa na nini?

Darubini:
Chakula cha seli peke yake. Sikuweka maji.

Mkuza_Seli:
Weka sasa. Maji ya chupa ile bila protini, kiasi kilekile. Kama kichupa cha kwanza kina masalio, chemsha kidogo kwa nyuzi 95: interferoni itakufa, endotoksini itavumilia. Masalio mengine changanya na polimiksini B, dawa inayoikamata endotoksini. Halafu ijaribu protini mpya kwenye seli za binadamu, zile za kinga ziitwazo THP-1 zinafaa, uangalie HLA-DR, protini ya juu ya seli ambayo interferoni gama huipandisha.

Pipeti77:
Nafuta ushauri wangu. Hili la panya lilinipita kabisa.

Darubini:
Nimerudi na majibu. Maji matupu ya chupa ile: waridi. Masalio yaliyochemshwa: waridi vilevile. Yenye polimiksini: rangi imepotea karibu yote. Na protini mpya imepandisha HLA-DR kwenye THP-1 vizuri. Kumbe kichupa nilichotaka kukilalamikia ndicho kizima. Barua nimeifuta. Inaniuma kutoa matokeo matatu kwenye sura ya nne, lakini hayakuwa ya interferoni.

MamaSeli:
Hongera kwa kuyatoa, wengi wangeyaacha. Sasa okoa kilichobaki. Mikrogramu 10 kwa mililita ni nyepesi, protini inanata kwenye plastiki. Ongeza albumini asilimia 0.1 isiyo na endotoksini, gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, weka nyuzi hasi 80. Usiweke kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe. Na msimamizi mpelekee sahani yenyewe, aone kisima cha maji kwa macho yake.