Mjadala: mshahara wa chini ukipanda, kazi Mombasa zitaisha kweli?

Jamani salamu kwenu nyote. Nimelileta hili kwa sababu kila Mei Mosi maneno ni yaleyale, ikitangazwa nyongeza ya mshahara wa chini (ule ambao serikali yakataza mwajiri kulipa chini yake) wengine washangilia na wengine waanza "haya, sasa vijana watafutwa, waajiri watafunga". Mimi nasema hao wanaotutisha hawajahesabu.

Kuna mchumi wa mambo ya kazi aitwa David Card, mzaliwa wa Canada, na mwenzake wa Marekani Alan Krueger. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha mshahara wa chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, jirani yao Pennsylvania hawakupandisha. Basi hawa wawili wakaenda kuuliza, mikahawa 410 ya baga na kuku pande zote mbili za mpaka, kabla ya nyongeza na tena mwisho wa mwaka, mna wafanyakazi wangapi? Vitabu vya uchumi vilisema New Jersey lazima wapoteze kazi, na kazi hazikupungua. Bei ya chakula ndiyo ilipanda kidogo, hilo nalo walilisema wazi.

Wakapigwa vita sana. Wachumi wengine walikuja na rekodi za mishahara zilizoonyesha kinyume, wao wakarudia hesabu kwa takwimu za serikali wakachapisha mwaka 2000, bado hawakuona kazi zikianguka. Card mwenyewe alisema baadaye kazi ile ilimpotezea marafiki wengi. Krueger alikuja kuongoza baraza la washauri wa uchumi wa Obama 2011 hadi 2013, akafariki 2019, na Card akapewa Nobel ya uchumi 2021.

Sasa yawezekanaje mshahara upande na kazi zibaki? Nenda Shimanzi au Changamwe, hapa Mombasa penye magodauni na viwanda, alfajiri uone vijana walivyojaa getini wakingoja kuitwa. Mwajiri ajua hata akitoa kidogo watu watakuja tu, hawana pa kwenda, kwa hivyo ile pesa anayotoa ameipanga yeye, soko halikumlazimisha. Ukimwambia aongeze, bado yule kijana amletea faida, atamfukuza kwa nini?

Lakini Mombasa si New Jersey na hapa ndipo moyo waniuma. Nyongeza ya Novemba 2024 ilisema kibarua wa kawaida kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu apate shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila hela ya nyumba. Mpwa wangu amebeba magunia kwenye godauni moja miaka mitatu na hajawahi kuiona hiyo pesa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo mpaka siku zake zifike mwezi, hesabu yake yageuka awe wa mwezi na haki zake, basi waajiri wafanya nini, wakaribia mwezi wamwambia "pumzika kidogo tutakuita", halafu waanza upya. NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, hakatwi hata senti, kwa hivyo uzeeni hana kitu, angoje afike miaka 70 apate shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, kama jina litaingia. Mtu wa magunia afika 70 kweli, na mgongo ule?

Ndio maana nyongeza peke yake bila mtu wa kuikagua getini naona haimfikii, na wale wasemao itaua kazi waogopa kitu ambacho wengi hapa hawajalipwa bado.

Haya, tuhesabu wenyewe. Wenye maduka, hoteli na magodauni, semeni ukweli: kabla ya Novemba 2024 mlikuwa na watu wangapi na leo wangapi? Na nyinyi vibarua wa Kongowea, Jomvu, Likoni, nani kati yenu aliongezewa, na shilingi ngapi?