Ushauri: HiAce au Coaster iliyotumika kwa studio ya ushonaji

MkasiMkali: Wakuu, natafuta gari lililotumika nigeuze studio ya kushonea na kukatia vitenge. Ndani: cherehani mbili, ovaloki, meza ya kukatia, pasi. Nimebaki na HiAce ya petroli na Coaster ya injini ya dizeli ya 1HZ. Nikague nini?

FundiDizeli: Anza na futi kamba kabla ya injini. Simama ndani bila viatu, juu ya kichwa zibaki sentimita 10; plaiwudi ya sakafu na dari zitakula nne au tano. HiAce, hata ya paa refu, mtu mzima anainama. Kushona unakaa, kukata unasimama. Mimi ningechukua Coaster. 1HZ ni lita 4.2, haina tabo (turbo), pampu yake si ya kompyuta. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Ukikuta imeshapashwa, rudi kesho. Fungua kifuniko cha oili ikinguruma: moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka.

Mama Vitenge: Na maji jamani! Unyevu ukiingia, kitambaa kinaota kuvu. Mwagia paa maji dakika kumi, kisha papasa mipira ya madirisha na kona za dari. Zulia jipya kwenye gari kuukuu linyanyue. Lililopiga daladala lina matundu ya bolti za viti, na kutu huanzia hapo. Sumaku isiposhika ubavuni, pana puti, yaani bati limezibwa na kupakwa rangi juu.

Volti24: Coaster ni volti 24, HiAce 12. Usichukue 12 kwenye betri moja ya Coaster: hiyo itaisha chaji, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, zife zote. Nunua inveta (kigeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya volti 24, ya wimbi safi (pure sine wave). Cherehani ya nyumbani ni wati 100 hivi, haisumbui. Mchawi ni pasi. Wati 1,000 kwenye volti 12, ukijumlisha unaopotea kwenye inveta, ni ampea 90 na ushee. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 200, ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu, haifikishi saa nzima.

MkasiMkali: Basi pasi ya mkaa?

Volti24: Nje tu, dada. Ndani ya bodi iliyofungwa mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua. Ukipaki penye umeme, vuta waya wa milimita za mraba 2.5 kwa ajili ya pasi. Betri iachie cherehani na taa.

FundiDizeli: Cherehani usizifunge kwa skrubu za mbao. Bolti ipenye sakafu, chini weka bamba la chuma, la sivyo ukifunga breki plaiwudi inang'oka nazo. Na viti vikishatoka, kadi ya gari na bima visibaki vikisoma abiria.