Hilux yangu imekuwa bredauni ya kijiji, nianze kukataa?

Kijana wa Lupembe

Kamwene wakuu.

Nipo Lupembe, Njombe. Kazi yangu ni kusomba maparachichi na nanasi kuleta mjini kwa Hilux ya dizeli, dabo kebini, gia za mkono, 4WD ya kuvuta kwa tairi zote nne. Mvua zimeanza, na nyie wa ukanda huu mnaijua barabara yetu. Kabla ya Novemba lilipita greda likainua mgongo katikati na kuchimba mitaro pande zote mbili, kifusi hakikumwagwa. Ule udongo mwekundu ukishalowa, ukimpisha mwenzako ukasogea pembeni kidogo tu, matako ya gari yanaanza kuteremka yenyewe. Unaliangalia linaingia mtaroni taratibu kabisa na mguu uko kwenye breki.

Likishaingia napigiwa simu mimi.

Juzi Noah ya abiria ilidumbukia ubavu wa kushoto. Dereva akafunga mnyororo wake kwenye kindoano fulani chini ya gari, upande wangu utingo wake akaufunga kwenye bomba la bampa ya nyuma. Wakaniambia rudi nyuma kidogo, halafu shtua. Nikashtua, kindoano kikanyooka, mnyororo ukaruka ukapiga mlango wa bodi ukaacha bonde. Pembeni walikuwepo watoto wa shule wanaangalia sinema. Mwishowe Noah ilitolewa kwa majembe na mikono. Klachi yangu ilinuka mpaka nafika nyumbani.

Sasa kuna jamaa ana lori la Fuso la mbao limelala mtaroni huku mbele njia ya Madeke, anataka kesho nikamvute. Sitaki kuonekana nina roho mbaya. Mgonjwa au mjamzito namtoa bure hata saa nane usiku. Lakini gari hili ndilo linalonilisha. Naomba kujua: kamba inafungwa wapi, naliua gari langu au la, na nitoze kiasi gani?

Chifu wa Kona

Badili laini ya simu mkuu 😂 Wakishajua una 4WD umeshakuwa serikali, hata bajaji ikiisha mafuta utaitwa.

Mzee Koleo

Kamwene kijana. Nimeendesha Land Cruiser za kazi Ludewa, Makete na huko kwenu tangu barabara ya Makete haijaona lami, na kabla ya hapo malori ya magogo ya Sao Hill. Nakujibu kirefu kwa sababu ya hao watoto wa shule.

Umesema Noah ilitoka kwa majembe na mikono. Jiulize kwa nini mikono iliweza na Hilux ikashindwa. Gari lililo mtaroni mara nyingi halijashikwa na tope kwenye tairi, limekaa kwa tumbo. Ukingo wa mtaro umeingia chini ya kizingiti cha mlango au chini ya injini, na tairi za upande mmoja zinazunguka bila kugusa kitu. Ukivuta hapo unakokota chuma juu ya ardhi, na ardhi inashinda. Ndiyo maana mimi nikifika sitoi kamba, natoa koleo. Abiria wote washuke, mizigo ishuke, halafu mtu alale chini aangalie tumbo limekalia nini. Hapo ndipo pa kuchimbua. Kisha unakata ukingo mbele ya kila tairi mpaka uwe mteremko ambao tairi inaweza kuupanda. Tairi iliyozama unaipigia jeki juu ya kipande cha ubao, unajaza mawe na matawi chini yake, unashusha. Utashangaa ni magari mangapi yatatoka kwa kusukumwa tu, kamba haijaguswa.

Kama bado, ndiyo uvute. Na uvute kwa njia ileile gari lilikoingilia, kufuata alama za tairi zake. Watu wanapenda kusimama katikati ya barabara na kuvuta ubavu, kwa pembe mraba na mtaro, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Noah ni ndefu kwenda juu, ukiivuta ubavu huku tairi za chini zimegota kwenye ukingo unaipindua. Isipopinduka, tairi inachomoka kwenye rimu. Vuta kufuata urefu wa mtaro, ipande kidogo kidogo kwa mshazari.

Kile kindoano kilichonyooka nakijua bila kukiona. Magari yetu mengi yamekuja kwa meli kutoka Japani yakiwa yametumika, na vile vindoano vyembamba chini ni vya kulifunga gari lisitembee melini. Havikutengenezwa kunasua gari. Noah nyingi na magari mengine ya namna yake huwa na pete ya chuma ya kukaza kwa nyuzi, inakaa kwenye buti pamoja na jeki na spana ya tairi. Bampa ina kifuniko kidogo cha plastiki, unakibandua, unaikaza pete pale mpaka mwisho wa nyuzi. Tatizo magari mengi yanafika hapa pete ilishapotea. Dereva wa abiria huku milimani anatakiwa aitafute kabla ya mvua kuliko kutafuta stika za kioo cha nyuma. Na hata pete yenyewe ni ya kuvuta polepole, siyo ya kushtua.

Upande wako, usifunge kwenye bampa, usifunge kwenye tairodi (chuma cha usukani), na kile kichwa cha mpira cha kufungia tela usikiguse kabisa. Kimeua watu nchi nyingi: kinakatika kikiwa kimevutwa, kinaruka na kupita kwenye kioo. Funga kwenye kulabu iliyopigwa bolti kwenye chesisi yenyewe, yaani uti wa mgongo wa gari. Kama gari lako halina, fundi mzuri ataifunga kwa bolti ngumu, siyo kwa kuchomelea chuma chakavu. Shakeli ya kuunganishia, ile ya herufi D yenye pini, iwe imeandikwa tani zake ubavuni. Ya milimita 19 huwa imeandikwa tani 4.75. Isiyoandikwa kitu hiyo ni ya kufungia mbuzi.

Mnyororo. Mnyororo haunyumbuki, kwa hiyo ukishtua, pigo lote linaenda kwenye kitu dhaifu kuliko vyote, na kitu hicho kikiachia mnyororo unakuja na chuma chake. Kama huna kingine vuta kwa mnyororo, ila polepole: unasogea mpaka ukaze, unasimama, ndipo unaondoka. Kamba za nailoni za kunasulia zinanyumbuka mpaka kama asilimia 30 ya urefu wake na zinavuta vizuri sana, lakini nguvu ile imehifadhiwa ndani ya kamba. Shakeli ikiachia ni risasi. Tandika gunia lililoloweshwa au koti zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Na watu wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba mara moja na nusu. Mimi siingii kwenye gari kabla watoto hawajapanda juu ya tuta la upande wa pili. Wazazi wakininunia wataninunia.

Jambo jingine la huko kwenu: vijana kuruka ndani ya bodi "kuongeza uzito". Ni kweli pikapu tupu haina uzito nyuma, tairi zinateleza. Lakini umewaweka vijana palepale ambapo kamba ikikatika inapita. Pakia viroba vya mchanga.

Kuvuta kwenyewe ni kwa L4, ile 4WD ya mwendo mdogo wenye nguvu, gia ya kwanza au ya pili. Achia klachi yote ndipo gari litembee, usining'inie nusu klachi. Tairi zikianza kuzunguka palepale, acha, unajichimbia kaburi. Simama sehemu kavu hata kama itabidi uunganishe kamba ndefu, maana nimeshuhudia magari mawili mtaro mmoja. Ukiwa na pampu, tairi zenye upepo wa PSI 35 zishushe mpaka PSI 20, zitashika zaidi, ukimaliza ujaze. Dereva wa gari lililokwama awashe injini ili breki na usukani vifanye kazi, tairi za mbele azinyooshe. Labda kama gari lililala kabisa ubavu, hilo usiliwashe kabla fundi hajaangalia, oili inaweza kuwa imepanda kwenye silinda. Na mwenye kutoa ishara awe mtu mmoja. Siyo kijiji kizima kinapiga kelele "twende!"

Fuso nitakujibu ukiniambia imebeba kiasi gani.

Fundi Difu

Mzee kamaliza, mimi naongezea ya gereji.

Klachi kunuka safari moja siyo kifo. Ipeleke kwenye mlima, weka gia ya nne, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele juu lakini mwendo haupandi, sahani ya klachi imeungua. Ukiona inapanda pamoja na mwendo, endelea na maisha.

Angalia na hubu za mbele. Kama Hilux yako ni zile za zamani zenye hubu za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi, nimepokea madereva wengi wanalalamika 4WD haivuti. Kumbe mkono wa 4WD wa ndani wameuvuta, hubu zimebaki kwenye FREE, tairi za mbele hazipati nguvu. Hapo umevuta Noah kwa tairi mbili, lazima klachi inuke.

Tatu, kama ulisimama kwenye maji ya mtaro, fungua nati ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, uangalie mafuta. Yakiwa yamegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia, mwaga weka mapya. Usingoje mpaka ilie. Kaza na yubolti za springi za nyuma, kuvuta huwa kunazilegeza.

Mama Canter

Mimi ndiye ninayevutwa, nina Canter ya nanasi, basi niseme upande wetu. Mdogo wangu, bei hatugombani nayo, tunagombana na kutokuelewana. Kabla hujafunga kamba, simamisha watu wawili, sema mbele yao: mafuta ni kiasi fulani, jasho ni kiasi fulani, na bampa yangu ikitoka anatengeneza nani, bampa yako ikitoka anatengeneza nani. Nimewahi kuona mtu kavutwa vizuri, kafika kwenye lami, akaanza kudai taa iliyovunjika ni ya aliyemvuta. Walifikishana kwa mtendaji wa kijiji.

Na bima yako uisome. Kama una bima ndogo, mlango wa bodi uliobonyea ni wako mwenyewe. Hata ukiwa na bima kubwa, waulize kabisa kama wanalipa ukiwa unamvuta mtu kwa malipo, wapo ambao wataliona hilo ni biashara nyingine kabisa.

Mimi huwa nalipa mafuta na naongeza nanasi. Nanasi za Madeke siyo kitu kidogo.

Ila wagonjwa usiache kuwatoa bure. Huko kwingine nilikopita kuna vijana wanamwagia maji kona usiku ili asubuhi wapate wa kumsukuma. Sisi hatujafika huko.

Kijana wa Lupembe

Asante mama, asante fundi. Shikamoo mzee, nilikosea adabu mwanzo sikujua ni mzee kweli 😅

Fundi, hubu zangu ni za mkono, na nimetoka kuangalia sasa hivi. Ya kulia ilikuwa FREE. Sina la kusema.

Mzee, Fuso ina mbao mpaka juu ya vyuma vya bodi. Tairi za nyuma za kushoto zote mbili zimo mtaroni na difu imekaa kwenye udongo. Mwenyewe anasema kushusha mbao ni gharama, nikimvuta kidogo tu itatoka.

Mzee Koleo

Marahaba kijana.

Hilux yako tupu ni kama tani mbili. Fuso ya namna hiyo na mbao juu inapita tani kumi bila ubishi. Hakuna "kidogo tu" hapo. Utakachovuta ni chesisi yako mwenyewe, na kama Fuso ikiamua kurudi mtaroni wakati mmefungana, inakuchukua na wewe. Mwambie hivyo kwa heshima. Gharama ya kushusha mbao ni ya vibarua, ya kupindua lori ni ya lori na mbao pamoja.

Ashushe mbao, nusu yake angalau, na aanze na za upande wa mtaroni ili lori lisizidi kulalia kule. Wachimbue chini ya difu mpaka ielee. Hapo ndipo linatafutwa trekta, na hapo Lupembe penye mashamba ya chai trekta halikosekani.

Kijana wa Lupembe

Nimempigia. Kanuna kwanza, halafu kasema sawa, vibarua wanaanza saa kumi na mbili asubuhi. Trekta kapata la jirani, Massey Ferguson. Mimi nitaenda na koleo na gunia langu tu. Kuna cha kumwambia mwenye trekta?

Mzee Koleo

Kipo, na umwambie kabla hajawasha. Afunge chini, kwenye kile chuma cha kuvutia tela, kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Watu wa trekta wanapenda kufunga juu, pale linapofungwa jembe, kwa kuwa ni rahisi kufikia. Ukivuta mzigo mzito kwa juu, trekta linainua pua na kumlalia dereva kwa nyuma, na ni haraka kuliko mguu kufika kwenye klachi. Afunge chini, aondoke kwa gia ndogo, na akiona tairi za mbele zimeacha ardhi, akanyage klachi hapohapo bila kusubiri ishara ya mtu.

Na wewe ile Hilux iegeshe mbali, upande wa juu wa barabara. Wakiiona karibu watakushawishi uifunge mbele ya trekta.