Usingizi umenikimbia, nataka kufuata taratibu za jioni za Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi). Naombeni mwongozo

Binti wa Upanga
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri maana nimefika mwisho. Ni muda sasa silali. Napanda kitandani mapema, nageukageuka, nasikia kila bodaboda inayopita mpaka adhana ya alfajiri, halafu asubuhi kazini kichwa kinawaka moto.

Ghorofani kwetu anaishi bibi wa Kigujarati, akanionea huruma na kunipa utaratibu wa kwao. Chakula cha usiku kiliwe kabla giza halijaingia, kiwe chepesi, mfano wali uliopikwa laini pamoja na choroko na samli kidogo. Baadaye nanawa miguu kwa maji ya vuguvugu, nakanda nyayo kwa mafuta ya ufuta, nakunywa maziwa ya moto yenye iliki na kungumanga. Simu na taa zizimwe kabla ya saa nne. Mwenyewe nimeongeza unga wa ashwagandha, ule mzizi wa dawa wa Kihindi, nilioupata duka la viungo Kisutu.

Swali langu: huo unga niweke vijiko vingapi, na nitaanza kulala lini? Nawasilisha.

Mzee wa Makorora
Binti yangu, tatizo lenu ni simu. Sisi taarifa ya habari ikiisha, redio inazimwa, watu wanaswali wanalala. Mnakesha kwenye mitandao mkiangalia maisha ya watu, halafu mnatafuta dawa Uhindini. Soma Ayatul Kursiy, lala ubavu wa kulia.

Mama Wawili
Mafuta ya nyayoni nayaunga mkono asilimia mia. Mimi nilifundishwa na shoga yangu aliyekaa Ahmedabad akimuuguza mama yake. Kule wengine wanatumia samli, wanasugua nyayo kwa kibakuli cha shaba. Ila vaa soksi! Mimi sikuvaa, shuka zikaharibika, na baba watoto akateleza bafuni alfajiri, tukashinda hospitali. Tangu siku hiyo akinusa ufuta ananuna. Halafu yeye ndiye anayekoroma, mimi ndiye sipati usingizi, hayo tuyaache.

Kinu na Mchi
Dada, pole. Nilisoma famasia Gujarat, hawa watu nimekaa nao. Saa za bibi yako zina mantiki yake: kwao kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku ni muda wa kapha, mojawapo ya nguvu tatu wanazosema zinaendesha mwili, mwili unakuwa mzito na umetulia. Ukiupita, unaingia muda wa pitta, nguvu nyingine ya hizo, akili inachangamka tena. Na usingizi wanauheshimu kwelikweli, Charaka Samhita, kitabu chao cha kale cha tiba, inauhesabu kati ya nguzo tatu za uhai, pamoja na chakula na kujizuia kimwili.

Kabla ya kukujibu habari za unga: kungumanga unaweka kiasi gani? Una mimba? Unatumia dawa yoyote?

Binti wa Upanga
Asante mkuu. Kungumanga naweka kijiko kizima cha chai, maana nikiweka kidogo sioni kitu. Mimba sina. Ugonjwa mkubwa sina. Niambieni tu kiasi cha unga.

Kinu na Mchi
Punguza leo hii. Kungumanga ni chembe tu, ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Ukizidisha, moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka, unaona mauzauza. Wazanzibari wanalijua hili.

Umesema ugonjwa "mkubwa" huna. Na mdogo? Na swali la dawa hujalijibu.

Kijana wa Ngamiani
Tafuta mchumba dada, mtakesha wawili angalau kuwe na maongezi.

Binti wa Upanga
Haya. Niliwahi kuwa na goita, ile ya tezi kufanya kazi kupita kiasi. Nilipewa kabimazoli, vidonge vya kupunguza homoni za tezi. Nimeziacha miezi kadhaa sasa kwa sababu nilipona: shingo ilirudi, moyo ukatulia. Kliniki ni foleni ya kutwa nzima na bosi ameshaanza kuhesabu ruhusa zangu. Na kumeza kemikali kila siku mwilini sioni kama ni sawa wakati kuna vitu vya asili. Sikulitaja kwa sababu halihusiani na usingizi.

Kinu na Mchi
Linahusiana, tena ndilo lenyewe. Tezi ikizidisha homoni, mtu hutokwa jasho, mikono hutetemeka, hukonda huku anakula, na usingizi hukata. Dawa hizo kwa kawaida hutumiwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na daktari ndiye anayesema sasa acha, baada ya vipimo. Kupata nafuu katikati ya safari maana yake dawa inafanya kazi.

Sasa ashwagandha. Inaweza kupandisha homoni za tezi hiyohiyo. Unajaza petroli kwenye moto. Wapo pia walioumia ini kwa kuitumia, na Denmark waliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2023. Kuna na unga wenyewe: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Unga wa kupimiwa dukani bila lebo hujui umebeba nini.

Binti wa Upanga
Lakini bibi anatumia na ana zaidi ya miaka themanini. Mwembamba, mzima, anapanda ngazi.

Mama Wawili
Bibi ana goita?

Mpiga Ramli wa Jiji
Wadau, hii chai, tena ya rangi. Akaunti mpya, bibi wa Kigujarati, duka la Kisutu, kila kitu kimepangwa kama tangazo. Subirini kurasa mbili mbele ataweka namba ya WhatsApp ya kuuza huo unga.

Kijana wa Ngamiani
Hata mimi nilishangaa. Mtu asiyelala anaandika vizuri hivi?

Dereva wa Masafa
Hata kama ni chai, unga bei gani? Nikitoka Tunduma nafika nyumbani macho makavu.

Binti wa Upanga
Siuzi chochote. Mtu anaomba msaada mnamgeuza tapeli. Nilificha habari za goita kwa sababu nilijua mtanisema, na mmenisema.

Kinu na Mchi
Iwe chai, iwe kweli, kuna mwenye goita anayesoma hapa kimya na kopo la ashwagandha lipo kabatini kwake. Huyo ndiye ninayemwandikia. Dereva, wewe usianze unga ukiwa na usukani mkononi. Kapime presha na sukari kwanza.

Dada, utaratibu wa bibi usiuache: chakula cha mapema, mafuta ya ufuta, maziwa, giza. Hayo hayakudhuru. Unga simamisha, na wiki hii ukapime TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, pamoja na homoni za tezi yenyewe. Moyo ukienda mbio ukiwa umekaa tu, au ukipata homa kali na kuchanganyikiwa, usingoje kliniki, nenda dharura.

Binti wa Upanga
Unga nausimamisha kwanza, sijasema nautupa. Vidonge sirudii kabla sijaona majibu. Hicho kipimo napimwa kabla ya kula?

Kinu na Mchi
Si lazima ufunge. Ila kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aina ya vitamini, mwambie wa maabara, huwa vinapotosha majibu.

Binti wa Upanga
Vya nywele natumia. Navyo kumbe ni dawa?

Kinu na Mchi
Viache angalau siku mbili kabla ya kupima. Na ukienda, beba kila kitu unachomeza, mpaka ule unga, umwagie daktari mezani aone.